Nani Ameingia Shambani? Kusoma Alama za Wanyama Kando ya Ziwa

Ndugu mkulima, umeamka alfajiri, umechukua jembe, umefika shambani kwako karibu na ziwa, na unakuta matuta sita ya viazi yamefumuliwa. Mahindi yamelala chini. Kabla jua halijapanda watu wamekwisha kusanyika, na kila mmoja ana mshitakiwa wake. Huyu anasema ni kiboko. Yule anasema ni ng'ombe wa fulani, kwa sababu jana jioni walionekana wakipita. Watoto wanasema ni nguruwe mwitu. Mazungumzo ya namna hiyo mara nyingi huishia katika ugomvi wa majirani, na usiku unaofuata mnyama yule yule hurudi kumaliza matuta yaliyobaki.

Leo basi tutazungumza juu ya namna ya kumtambua mnyama ambaye hukumwona kwa macho. Maneno haya ni kwa wakulima wote wanaolima ukanda wa ziwa, tangu Busega na Magu kwenye Ghuba ya Speke, mpaka Misungwi, Sengerema na visiwa vya Ukerewe. Yanamfaa pia mwenzetu anayelima mbali na maji lakini karibu na vichaka na vilima vya mawe, maana huko nako kuna wageni wa usiku.

Katika nchi za Ulaya na Marekani wawindaji wana elimu yao juu ya jambo hili. Wanatafuta miti iliyochubuliwa gome na kulungu dume wa huko, na mahali alipoparua ardhi kwa kwato, na kwa alama hizo wanajua anapita wapi na lini. Kulungu wale hudondosha pembe kila mwaka na kuota nyingine, na pembe mpya huja imefunikwa ngozi laini, ndiyo maana dume hujisugua kwenye miti mpaka ngozi itoke. Sisi huku hatuna kulungu wa namna ile. Wanyama wetu wenye pembe, kama pongo na swala, huzaliwa wakaota pembe mara moja, wakazeeka nazo. Hata hivyo nao huchubua miti, na huparua ardhi, na huacha barua zao kila wanapopita. Tofauti ni kwamba Mmarekani anazisoma ili apate nyama, na wewe unazisoma ili upate chakula chako mwenyewe ulichokilima.

Jambo la kwanza ni saa. Usikimbilie shambani gizani. Kiboko hutoka majini jua likizama, hula karibu usiku mzima, na hurudi majini kabla hapajapambazuka vizuri. Wapo wanaochelewa, hasa wakati wa ukame majani yanapokuwa mbali. Ukimkuta akiwa bado nchi kavu, nawe umesimama kati yake na maji, atakuja moja kwa moja njia aliyoizoea, na wewe umo ndani ya njia hiyo. Mnyama yule dume lake huweza kufika kilo 1,500 au zaidi, na mbio zake kwa umbali mfupi hufika kilomita 30 kwa saa. Usidanganywe na miguu mifupi. Kwa hiyo subiri mwanga wa kutosha, nendeni wawili au watatu, zungumzeni kwa sauti mnapokaribia, na mkaribie shamba mkitokea upande wa nchi kavu, si upande wa ziwa. Hili nalisema kabla ya mengine yote kwa sababu viazi vitapandwa tena.

Haya, mmefika, na shamba ni tupu. Sasa wazuie watu wasiingie. Miguu ya watu ishirini hufuta kila kitu. Zunguka kwanza pembeni ya shamba polepole, ukitazama alipoingilia na alipotokea. Ukipata mlango wake umepata nusu ya jibu.

Njia ya kiboko haifanani na njia ya mnyama mwingine yeyote. Miguu yake imeachana sana, kulia na kushoto, kwa sababu ya tumbo pana. Akipita mahali hapo hapo usiku baada ya usiku, anachimba mifereji miwili sambamba, kama ile inayoachwa na magurudumu ya mkokoteni, na katikati pamebaki tuta jembamba lenye majani. Ukiona mifereji miwili inatoka kwenye matete na kupanda kuelekea mashamba, na hakuna mkokoteni unaoshuka huko, hiyo ni barabara ya kiboko. Njia ya ng'ombe ni moja, imekanyagwa katikati, na kwa kawaida zipo nyingi pamoja zikipishana.

Tazama wayo. Kiboko ana vidole vinne kila mguu, vyote vinagusa chini, na vinaachana kama petali za ua. Upana wake ni kama sahani ya kulia ugali. Ng'ombe ana kwato iliyopasuka mara mbili tu. Hapo hakuna nafasi ya ubishi: hesabu vidole. Ukipata nyayo ndogo za namna ile ile kando ya zile kubwa, jua ni jike mwenye ndama, na jike mwenye ndama hana simile. Mahali hapo pa kupitia wazuieni watoto wasichote maji kabisa.

Halafu tazama namna alivyokula. Ng'ombe hukunja majani kwa ulimi akayavuta, kwa hiyo ncha zinabaki zimechanika, ndefu na fupi, na mara nyingine mmea mzima unang'oka na mizizi. Kiboko hukata kwa midomo, na midomo ile ina upana wa karibu nusu mita. Hupita akikata majani karibu na ardhi, sawasawa, kama mtu aliyefyeka kwa kwanja kali. Kwa usiku mmoja huweza kula kilo 40 hivi za majani. Katika jaruba la mpunga mchanga utaona mistari mipana iliyonyolewa, na kati ya mistari hiyo mpunga umelala kwa kukanyagwa. Ukweli ni kwamba hasara kubwa ya kiboko si anachokula, ni anachokanyaga.

Sasa tufike kwenye kinyesi, ambapo kiboko anajitaja jina kabisa. Dume lake linapokunya hutingisha mkia mfupi ule upesi upesi kama pangaboi, na kinyesi kinarushwa nyuma na pembeni mpaka juu ya vichaka. Utakuta kichaka kizima karibu na maji kimepakwa, majani yake yametapakaa vipande vya nyasi zilizosagwa vibaya, na harufu unaisikia kabla hujafika. Kinyesi cha ng'ombe ni laini, kimetua chini kama chapati. Cha kiboko kina nyuzi nyuzi, kwa sababu yeye hacheui.

Vichaka hivi vilivyopakwa usivipite hivi hivi. Dume mwenye nguvu hujimilikisha kipande cha ufuko, pengine mita mia chache tu, akakaa na majike yake hapo, na kupaka kinyesi ni namna yake ya kusema nipo. Mpaka huo anaulinda zaidi majini na ukingoni mwa maji. Akishapanda kwenda malishoni kila mmoja hula kivyake, hawagombani sana. Maana yake kwako ni hii: vichaka vingi vilivyopakwa upya, mahali pamoja, ukingoni mwa ziwa, ni mlango wa mwenye mji. Hapo si pa kufulia nguo, si pa kuegesha mtumbwi, si pa kuchotea maji. Malundo mengine utayakuta mbali na maji, kando ya ile barabara ya mifereji miwili, kwenye kona au penye kisiki. Hayo hutumika pia kama vibao vya njia, ili usiku ajue anapotembea. Ukiyafuata mchana utaiona ramani nzima ya safari yake, na kwa kawaida safari hiyo ni kilomita mbili tatu, ingawa huweza kwenda mbali zaidi chakula kikiadimika.

Hapa niseme jambo ambalo wengi hawalipendi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wapo wanaoiona kuwa ni sheria ya kuwanyima ardhi nzuri yenye unyevu. Lakini ukizifuata njia za kiboko utaona zote zinafunguka katika ukanda huo huo, na majani anayoyapenda, yale mafupi mabichi, yapo hapo. Bustani ya mchicha na nyanya iliyopandwa kwenye matope ya ufukoni mwezi wa Agosti, wakati kila kitu kingine kimekauka, ni sawa na kumtandikia meza. Tena ziwa lenyewe halikai mahali pamoja. Mwaka 1964, na tena mwaka 2020, maji ya Ziwa Victoria yalipanda sana yakaingia kwenye mashamba na nyumba. Maji yakipanda, na milango ya kiboko inapanda pamoja nayo, na njia uliyoijua mwaka jana haipo tena. Zitazameni upya kila msimu.

Kama hukuona wayo wa vidole vinne wala mifereji, tuelekee kwenye miti. Mkulima wengi hutazama chini tu, na miti iliyo pembeni ya shamba imejaa habari.

Anza na mti wenye matope. Nguruwe mwitu hupenda kugaagaa kwenye dimbwi, halafu huenda kwenye mti wa karibu akajisugua. Mti huo huo hutumiwa tena na tena mpaka gome linang'aa upande mmoja. Matope hukauka tabaka juu ya tabaka, na ukitazama kwa makini utaona nywele ngumu zimenasa kwenye nyufa za gome. Pima kimo cha matope kwa mguu wako. Yakifika gotini ni wadogo. Yakifika nusu ya paja au zaidi, wapo wakubwa. Dume pia hukwaruza gome kwa meno yake yaliyochomoza, na mikwaruzo hiyo utaikuta juu kidogo ya matope, mifupi, yenye kina, imeelekea juu. Mara chache mti wa namna hii huwa ndani ya shamba. Huwa kwenye kijito au kichaka ambamo wanalala mchana, na ukiupata umepata kwao.

Shambani penyewe, nguruwe mwitu hulima. Sina neno lingine. Pua yake huacha mitaro mirefu kama imepita plau ndogo ya punda, mihogo imeinuliwa na shina lake, viazi vimeliwa vyote mpaka vile vidogo, na karanga zimepekuliwa. Wayo wake ni wa kwato mbili zenye ncha za mviringo, na penye udongo laini vile vidole viwili vidogo vya nyuma huonekana pia. Huja kwa kundi, huja usiku, na hawezi kuruka ua. Atatafuta tundu chini. Kama shamba lako limezungukwa na ua wa minyaa, tembea ukitazama chini ya shina. Tundu la nguruwe limelainishwa pande zote na matope, na nywele zimeganda kwenye utomvu. (Ukiukata mnyaa kuziba tundu, geuza uso pembeni. Utomvu wake ukiingia jichoni ni taabu kubwa.) Ngiri ni mwingine: yeye hutembea mchana, hupiga magoti ya mbele akila, na alama za magoti huonekana kwenye vumbi.

Mti uliochubuliwa bila matope ni shauri la pongo, ambaye wengine humwita mbawala. Huyu hukaa kwenye vichaka vizito kando ya vijito na katika misitu midogo ya ufukoni. Katika Hifadhi ya Kisiwa cha Rubondo, iliyotangazwa mwaka 1977, wapo wengi. Dume ana pembe zilizojisokota kidogo, naye huzisugua kwenye miti myembamba, ya unene wa kidole gumba hadi mpini wa jembe. Huchagua mti unaoyumba, pengine kwa sababu unamjibu. Utaona gome limevuliwa kwa nyuzi, nyuzi zinaning'inia, vitawi vya pembeni vimevunjwa na kusokotwa, na jeraha liko kati ya goti na kiuno. Mara nyingine chini yake udongo umechokorwa kwa pembe. Alama hiyo inakuambia kwamba dume mzima anaishi karibu, si mpita njia. Usiku utamsikia akibweka kama mbwa, na wageni hudanganyika wakatafuta mbwa.

Pongo hachimbi. Hula majani: maharage machanga, kunde, matembele. Akishakula utaona ncha laini tu zimenyofolewa, huku na huku, mmea umebaki umesimama. Hasara yake ni ya taratibu, na wengi huishitaki mbuzi kwa makosa.

Basi tofautisha hivi. Mbuzi hula gome. Halivui na kuliacha. Ukikuta gome limetoka na vipande havipo, na mbao imebaki na mikwaruzo midogo ya meno kuanzia chini mpaka mbuzi anapoweza kufikia akisimama kwa miguu ya nyuma, ni mbuzi. Ukikuta gome limetafunwa chini kabisa usawa wa ardhi, na alama za meno ni mbili mbili, pana kama patasi, ni nungu. Nungu pia huchimba mhogo mmoja kwa ustadi, akaula pale pale ardhini shina likiwa limesimama, nawe hujui mpaka mmea unyauke. Tafuta mwiba wake. Mara nyingi hudondosha mmoja kwenye tundu la ua. Na ukikuta jeraha limenyooka, safi, bila nyuzi na bila meno, basi ndugu yangu huyo ana mikono miwili na panga, nalo ni shauri la mgambo au sungusungu.

Kuna wadogo ambao nitawapita haraka. Ndezi hukata mabua ya mahindi, miwa na mpunga karibu na ardhi, mkato wa mshazari, halafu huyakatakata vipande na kuviacha malundo malundo katika vinjia vyake ndani ya matete. Fuko huvuta mmea toka chini, na huacha vichuguu vya udongo mbichi. Digidigi utamjua kwa choo chake: yeye na jike lake huenda mahali pale pale kila siku, huparua udongo kwa kwato, hunya, na dume huparua tena na kuweka chake juu. Karibu na hapo ukitazama ncha za vitawi utaona tone jeusi la kunata kama lami, limetoka kwenye tezi iliyo chini ya jicho. Mkulima akikuta malundo ya vinyesi vidogo vidogo hudhani ni jeshi la wanyama. Ni wawili tu, kila mmoja na kilo zake tano hivi. Waache.

Sasa, alama ni ya lini? Hili ndilo wengi hulikosea, kwa sababu alama ya wiki iliyopita haikusaidii kulinda usiku wa leo. Kata jani la kiazi au la mhogo ulione linatoa maziwa. Mmea uliokatwa usiku huu utakuta maziwa yake yamekauka juu lakini bado meupe. Baada ya siku moja mbili yamekuwa ya kahawia au meusi. Wayo mpya una kingo kali. Jua na upepo huzilainisha. Kama mvua ilinyesha saa nane za usiku, na ndani ya wayo mna vitundu vya matone, alipita kabla ya mvua. Kama hamna, alipita baadaye. Utando wa buibui uliokatiza njia maana yake hakuna aliyepita hapo tangu jana. Kinyesi chenye unyevu na mbawakavu wanaokifukua ni cha usiku huu. Umande nao unasema: njia iliyopitwa alfajiri ni mstari wa kijani uliokolea katikati ya majani yaliyopauka kwa umande.

Kama bado una shaka, tumia ufagio. Jioni chagua njia tatu au nne unazozishuku, kwatua kipande cha hatua mbili kwa upana wote wa njia, lainisha udongo, ufagie kwa tawi. Asubuhi njoo usome. Fanya hivyo usiku nne tano mfululizo, na uweke kumbukumbu kwenye daftari la mtoto wa shule: tarehe, njia gani, mnyama gani, wangapi, mwezi ulikuwa mchanga au mpevu. Kazi hii haina gharama, na ni bora kuliko watu kumi kukesha mahali ambapo mnyama hapiti.

Ukishamjua mgeni wako, dawa hutofautiana. Kiboko haruki, na huchukia kupandisha mguu juu ya kizuizi. Huku Mwanza mawe si tatizo. Ukuta wa mawe uliopangwa imara, wenye kimo cha mapaja, au mtaro wenye kina kama hicho na kingo zilizosimama wima, humgeuza aende kando. Lakini usiizibe barabara yake kuu. Zungushia shamba, na njia ya kurudi majini iache wazi, kwa sababu kiboko aliyezuiwa kurudi nyumbani alfajiri ni hatari kwa kijiji kizima. Anayelinda usiku akae kwenye dungu lililo upande wa juu wa shamba, apige debe, awe na tochi na moto, na asishuke kumfuata. Nguruwe mwitu hatishwi na ukuta wa kimo hicho bila kazi zaidi. Matundu yote ya chini yazibwe kwa mawe na miiba, na viazi na mihogo inayokomaa ivunwe mapema. Michembe na matobolwa yaliyo ghalani hayafukuliwi na nguruwe. Pongo huondoka ukifyeka ukanda wa wazi kati ya kichaka na maharage, maana hapendi kuonekana.

Mitego ya waya, mashimo na sumu msitumie. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inavikataza, na kuwinda bila kibali ni kosa hata mnyama akiwa mdogo. Zaidi ya sheria, waya hauchagui. Hunasa mbuzi wa jirani na mguu wa mtoto. Na kiboko aliyejeruhiwa kwa waya hubaki matetini na uchungu wake akimsubiri wa kwanza atakayekuja kuchota maji.

Mkimkuta kiboko amekufa ufukoni bila jeraha, msimguse wala kumchuna. Viboko hufa kwa kimeta. Mwaka 2004 ugonjwa huo uliua viboko wengi katika Hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda, na kimeta humuua binadamu na ng'ombe pia. Vivyo hivyo mabaki ya nguruwe mwitu na ngiri msiyapeleke karibu na mabanda ya nguruwe wa kufugwa, kwa sababu ya homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haina tiba.

Sasa turudi kwa wale majirani waliokuwa wakigombana. Kujua jina la mnyama kuna uzito wa fedha. Ikiwa ni ng'ombe, fidia ni shauri la mwenye ng'ombe mbele ya uongozi wa kijiji. Ikiwa ni mnyama mkali kama kiboko, zipo kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi, kifuta jasho kwa hasara ya mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Si fidia kamili, na haimfikii kila mtu. Hesabu yake hutegemea ukubwa wa shamba na umbali wake kutoka mpaka wa hifadhi. Viwango uliza ofisini, maana hubadilishwa.

Ili upate kusikilizwa, peleka habari siku ile ile kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, naye aifikishe kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya, ambaye wazee wetu walimwita Bwana Nyama. Usilime tena mahali palipoharibiwa kabla hapajaonekana. Funika nyayo mbili tatu nzuri kwa karai au majani ya mgomba zisifutwe na mvua. Pima eneo lililoharibika kwa hatua zako, uandike. Mwenye simu apige picha ya wayo akiweka kando yake kitu kinachojulikana ukubwa wake, kama mpini wa jembe au kiberiti. Afisa akija, mwonyeshe mlango wa kuingilia, vichaka vilivyopakwa, na lile daftari la usiku nne tano. Asipofika siku hiyo, mwombe Mtendaji aje na mashahidi wawili wasio ndugu zako, waone na kuandika majina yao, halafu ndipo urudishie matuta yako udongo.